Ulisema Uongo Lini, Siku Ile au Leo?

Maswali ya wasomaji kuhusu sheria

Barua nne zilizonifikia mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinahusu jambo moja, nalo ni namna mawakili wanavyowauliza mashahidi maswali mahakamani. Nimezijibu zote hapa. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu swali moja tu aliloulizwa mwandishi wake limekusanya makosa mengi ambayo sheria yetu inayakataza. Majina ya waandishi, pamoja na mambo yanayoweza kuwatambulisha, nimeyaondoa.

*Assalamu alaykum. Mimi ni nahodha, mkaazi wa Langoni, Lamu. Niliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya madai, baada ya jahazi lililopakia mchanga kuigonga mashua ya wavuvi katika mlango wa bahari wa Mkanda. Chombo changu kilikuwa nyuma yao na niliyaona yote kwa macho yangu. Miezi mingi kabla ya kesi nilikwenda kwa wakili wa mdai kuandikisha taarifa. Nilieleza kwa Kiswahili, karani wake akaandika kwa Kiingereza, nikatia sahihi. Siku ya kesi nilisema kwamba ajali ilitokea saa nane usiku. Wakili wa upande wa pili akainua karatasi ile, akasema humo imeandikwa saa mbili usiku, kisha akaniuliza: "Ulisema uongo lini, siku ile au leo?" Nikaanza kueleza habari ya maji, akanikata: "Sikukuuliza habari ya maji. Siku ile au leo?" Akarudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, mpaka watu waliokaa nyuma wakacheka. Mimi nikanyamaza. Je, wakili ana haki ya kuuliza hivyo, na mimi nilikuwa na haki ya kukataa kujibu?*

Waalaykum salaam, bwana nahodha. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kimya chako kimeniuma, kwa sababu kwa mtu asiyekujua kimya hicho kinaweza kuonekana kama kukiri, ilhali wewe ulikuwa na jibu mdomoni na ulizuiwa kulitoa.

Kwanza nimpe wakili haki yake. Tofauti kati ya taarifa yako iliyoandikwa na maneno uliyoyasema mbele ya hakimu ni jambo ambalo alikuwa na haki kamili ya kulishika, na kwa kweli angekuwa amezembea kazi yake kama angeliacha. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80 ya sheria za Kenya, inamruhusu wakili wa upande wa pili kumhoji shahidi juu ya taarifa aliyoiandikisha zamani, na inamruhusu pia kuuliza maswali ya kupima kama shahidi anasema kweli, kama kumbukumbu yake ni nzuri na kama mahali aliposimama paliweza kumwonyesha anachodai kuona. Laiti angekuuliza, "Taarifa yako yasema saa mbili na leo wasema saa nane, tofauti hii imetoka wapi?" lingekuwa swali gumu, pengine la kukutoa jasho, lakini lingekuwa swali la haki. Ugumu wa swali si kosa. Shahidi anayekuja mahakamani akitarajia kuulizwa kwa upole tu hajajua amekuja kufanya nini, kwa sababu neno lake laweza kumgharimu mwenzake mali au kifungo.

Kosa limo katika umbo la swali. "Ulisema uongo lini, siku ile au leo?" ni swali ambalo tayari limekwisha kuamua kwamba ulisema uongo, na lililobaki ni wewe kuchagua siku. Ukijibu "siku ile" umekuwa mwongo, ukijibu "leo" umekuwa mwongo, na jibu la tatu, ambalo ndilo la kweli, halikuachiwa nafasi. Uongo haukuwa umethibitishwa na mtu yeyote katika kesi ile. Wakili aliuingiza ndani ya swali kana kwamba ni jambo lililokwisha kukubaliwa, na hapo ndipo alipopaswa kuzuiwa.

Kuhusu kupandisha sauti na kurudia, sheria hiyohiyo inaiamuru mahakama ikataze swali lolote ambalo kwa maoni yake limekusudiwa kumtusi au kumuudhi shahidi, na hata swali ambalo lenyewe ni halali lakini limeulizwa kwa namna inayoumiza pasipo haja. Amri hiyo imeelekezwa kwa hakimu, na hakimu hana haja ya kungoja mtu ampe ukumbusho. Wakili wa mdai naye, ambaye ndiye aliyekuita, alipaswa kusimama pale pale na kusema, "Mheshimiwa, napinga swali hilo." Kama alikaa kitini akitazama, hilo ni lawama juu yake. Shahidi hana wakili wake mwenyewe, kwa hiyo macho ya upande uliomleta ndiyo kinga yake ya kwanza.

Ulipokatwa usemi ulikuwa na haki ya kumgeukia hakimu, si wakili, na kusema kwa utulivu: "Mheshimiwa, sikusema uongo siku ile wala leo. Naomba ruhusa ya kueleza." Sijapata kumwona hakimu aliyekataa ombi la namna hiyo. Unaweza pia kusema "sikulielewa swali", "naomba lirudiwe", "hayo ni maswali mawili, naomba niulizwe moja moja", na unaweza kusema "sijui" au "sikumbuki" pale ambapo kweli hujui au hukumbuki. Hata pale unapotakiwa ujibu kwa "ndiyo" au "la", unajibu kisha unaomba kueleza. Kukataa kabisa kujibu ni jambo jingine. Swali likiwa linahusu kesi na mahakama ikikuamuru ulijibu, utalijibu, hata kama linakera.

Sasa habari ya maji, ambayo nina hakika ndiyo iliyokuwa roho ya ushahidi wako. Katika sehemu ya barua ambayo sikuichapa umenieleza kwamba usiku ule ulikuwa wa mwezi kumi na mbili, yaani siku ya kumi na mbili tangu mwezi kuandama, maji yalikuwa yamejaa, na mwezi ulikuwa ukielekea kutua. Mtu yeyote wa Lamu anajua maana yake. Mwezi kumi na mbili maji hujaa karibu na saa nane usiku, na saa mbili usiku wa siku hiyohiyo yanakuwa yamekupwa. Mkanda ukikupwa, jahazi lililopakia mchanga halipiti, litakaa juu ya fungu la mchanga. Kwa maneno mengine, saa iliyoandikwa katika taarifa yako ni saa ambayo ajali ile haingeweza kutokea. Nadhani unajua pia kosa lilivyoingia. Wewe ulisema saa nane, na karani akaandika tarakimu 8, kama mtu anayefasiri neno kwa neno, akasahau kwamba saa nane yetu ya usiku kwa Kiingereza ni saa yenye tarakimu 2. Mkalimani aliposoma tarakimu 8 ya usiku akairudisha kwa usahihi kuwa saa mbili. Kila mmoja alifanya kazi yake, na wewe ukaonekana umebadilisha maneno kwa saa sita nzima.

Jambo hili lilikuwa na dawa siku ile ile. Baada ya wakili wa pili kumaliza, sheria inampa aliyekuita nafasi ya kukuuliza tena ili yale yaliyotibuliwa yafafanuliwe. Swali moja tu lingetosha: "Kwa nini wasema ilikuwa saa nane?" Kama hukuulizwa na hukumu bado haijatolewa, mwone wakili wa mdai leo, si kesho. Mahakama ina uwezo wa kuruhusu shahidi aitwe tena, na jedwali la maji la tarehe ile linapatikana, kwani Mamlaka ya Bandari ya Kenya huyachapisha. Siku nyingine usitie sahihi taarifa ya Kiingereza kabla hujasomewa yote kwa Kiswahili, na kila palipo na saa, uliza ni ya mchana au usiku na ni ya hesabu gani.

Nikuongezee jambo moja, kwa sababu umelalamika mwishoni kwamba wakili huyo alikwambia pia, "Nakwambia hukuwa Mkanda usiku ule." Hilo halikuwa tusi. Tangu uamuzi wa Baraza la Malodi la Uingereza katika kesi ya Browne na Dunn ya mwaka 1893, wakili anayekusudia kuiambia mahakama kwamba shahidi hasemi kweli anapaswa kumwambia shahidi jambo hilo usoni pake, ili apate nafasi ya kujibu, badala ya kungoja ashuke kizimbani na kumsema nyuma ya mgongo wake. Maneno hayo ni makavu, lakini yaliwekwa kwa faida yako. Jibu lake ni fupi: "Nilikuwapo."

*Mhariri, mimi ni kijana wa Matondoni. Katika kesi ya wizi wa mashine ya boti, kiongozi wa mashtaka alimuuliza ami yangu, "Ulimwona mshtakiwa akitoka na mashine begani, sivyo?" Wakili wa mshtakiwa alipinga na hakimu akamkubalia. Baadaye wakili huyohuyo akamuuliza ami maswali ya namna ileile, na hakuna aliyemzuia. Je, huo si upendeleo?*

Si upendeleo, kijana wangu, ingawa naelewa kwa nini umeonekana hivyo. Swali linalobeba jibu lake ndani yake huitwa swali elekezi. Kifungu cha 150 cha Sheria ya Ushahidi kinamzuia mtu kumuuliza shahidi wake mwenyewe maswali ya aina hiyo iwapo upande wa pili unapinga, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama au katika mambo ya utangulizi na yale yasiyobishaniwa, kama vile jina na kazi ya shahidi. Kifungu kinachofuata kinayaruhusu kwa yule anayemhoji shahidi wa upande wa pili. Sababu ni kwamba shahidi aliyeitwa na wewe kwa kawaida anakutakia mema, na ukimpa jibu atalipokea, kwa hiyo mahakama itakuwa imesikia maneno ya wakili kupitia kinywa cha shahidi. Shahidi wa upande wa pili hana haraka ya kukukubalia.

Usidhani kwamba hofu hii ya sheria ni ya vitabuni tu. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Baadhi waliulizwa magari "yalipopondana", wengine "yalipogusana". Waliosikia neno zito walikadiria kasi ya wastani wa karibu maili 41 kwa saa, na waliosikia neno jepesi wakakadiria karibu maili 32, ilhali filamu zilikuwa zilezile. Katika jaribio la pili waliwaita watu baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno la kupondana, 16 walisema waliona vioo, na kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kugongana, 7.

Watu hao hawakuwa waongo, wala hakuna aliyewahonga. Neno moja la muulizaji liliingia katika kumbukumbu yao na kukaa humo kama kwamba walikuwa nalo tangu mwanzo. Ndiyo maana mimi binafsi ningependa mahakimu wawe wakali zaidi hata kwa wakili wa upande wa pili, hasa shahidi anapokuwa mzee sana, mgonjwa, au mtoto. Sheria inamruhusu aelekeze, lakini ruhusa hiyo ilitolewa kwa ajili ya shahidi mwenye uwezo wa kukataa kuelekezwa.

*Mimi ni mama mkaazi wa Shela, Malindi. Binti yangu wa miaka 13 ndiye mlalamishi katika kesi ya unajisi na ataitwa mahakamani hivi karibuni. Jirani yangu, ambaye aliwahi kuhudhuria kesi kama hiyo miaka ya nyuma, ameniambia wakili atamuuliza mtoto kuhusu wavulana, kuhusu nguo alizovaa, na kwamba atasimama mita chache kutoka kwa mtu yule. Usingizi umenipotea. Je, naweza kumzuia asiende?*

Dada yangu, usimzuie, lakini usingoje siku ya kesi ndipo uanze kuuliza. Nenda sasa hivi kwa kiongozi wa mashtaka anayeishughulikia kesi hiyo na umweleze hofu zako moja baada ya nyingine, kwa sababu mengi unayoyahitaji yanaombwa kabla ya mtoto kupanda kizimbani.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, inakataza ushahidi na maswali yoyote kuhusu mambo ya kimapenzi ya nyuma ya mlalamishi isipokuwa mahakama imeombwa na kutoa ruhusa kwa sababu zilizotajwa katika sheria yenyewe. Wakili hawezi kusimama tu na kuanza kumuuliza binti yako habari za wavulana. Akijaribu, kiongozi wa mashtaka anapaswa kupinga kabla mtoto hajafungua kinywa. Kifungu cha 31 kinaiwezesha mahakama kumtangaza mtoto kuwa shahidi anayehitaji ulinzi maalumu. Hapo inaweza kuamuru atoe ushahidi akiwa amekingwa asionane na mshtakiwa, au maswali yapitie kwa msaidizi anayeyafikisha kwa lugha anayoielewa mtoto, au kesi isikilizwe bila watu wengine chumbani. Habari ya msaidizi huyo imo hata katika Katiba ya 2010, Ibara ya 50. Yote hayo yanaombwa, na anayeyaomba kwa kawaida ni kiongozi wa mashtaka, naye hawezi kuomba asichokijua.

Pengine umeambiwa pia kwamba neno la mtoto peke yake halitoshi. Katika kesi za makosa ya kingono kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, ikiwa imeridhika kwamba anasema kweli na imeziandika sababu za kuridhika kwake.

Jambo la mwisho ni lako wewe. Usimfundishe maneno ya kusema. Najua unataka kumsaidia, lakini swali la kwanza la wakili mwerevu litakuwa, "Nani alikwambia useme hivyo?" na mtoto mkweli atajibu, "Mama." Mfundishe mambo mawili tu: aseme "sijaelewa" kila asipoelewa, na ajue kwamba akilia hakuna atakayemkasirikia na anaweza kuomba apumzike. Mpeleke siku moja akakione chumba cha mahakama kikiwa kitupu, akae katika kiti, aonyeshwe atakapokaa hakimu. Nimewaona watoto wakibadilika kabisa kwa ziara ya dakika kumi.

*Mhariri mpendwa, nimestaafu kazi ya ukalimani baada ya miaka mingi mahakamani hapa Lamu. Jambo lililonisumbua ni mawakili kutoka bara kuwanasa wazee wetu kwa Kiamu chao, yaani lahaja ya Lamu. Mzee mmoja alisema "alikuwa akiteka", nami nikamfasiria kwamba alikuwa akicheka. Wakili aliyejua Kiswahili cha shule akasimama akisema nimemsaidia shahidi, kwa kuwa kuteka ni kunyang'anya watu. Je, mkalimani ana ruhusa ya kubishana na wakili?*

Mzee wangu, habari uliyoileta ndiyo inayokosekana katika vitabu vyote vya sheria. Mahakama za chini, kwa mujibu wa sheria ya taratibu za jinai, lugha zake ni Kiingereza au Kiswahili, lakini Kiswahili kilichokusudiwa na anayeandika na Kiswahili kinachosemwa na mzee wa mtaa wa Mkomani, Lamu, si kimoja. Kwake yeye macho ni mato, njia ni ndia, na kucheka ni kuteka, kwa t ya meno. Wewe ulifasiri sawasawa. Mkalimani habishani na wakili, lakini ana wajibu wa kumwambia hakimu kwamba neno hilo katika lahaja ya shahidi lina maana hii, na kuomba liandikwe lilivyotamkwa pamoja na maana yake. Hakimu akiwa na shaka atamuuliza shahidi mwenyewe, na mzee atacheka mbele yake amwonyeshe.

Hatari ninayoiona kubwa kuliko hiyo, na ambayo naomba uwasimulie vijana walioshika nafasi yako, ni swali la kukanusha. Wakili anauliza, "Hukumwona, sivyo?" na shahidi anajibu, "Ndiyo," akimaanisha, kama sote tunavyomaanisha, ndiyo, sikumwona. Jibu hilo likiingizwa katika Kiingereza kwa neno moja tu, kumbukumbu ya mahakama itasomeka kwamba alimwona. Miaka miwili baadaye majaji wa rufaa hawatamsikia shahidi, watasoma karatasi. Mkalimani akisikia "ndiyo" baada ya swali la namna hiyo, amwombe hakimu shahidi ajibu kwa sentensi nzima, "sikumwona" au "nilimwona", na afasiri hiyo.